Unaanzisha bendi ya stilpani? Tafuta besi kabla ya kitu kingine chochote

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu kuanzisha bendi ya stilpani, zile ala za mapipa ya chuma yaliyotengenezewa noti juu yake, wana swali moja tu, "pani gani nzuri ninunue?", na ukiwauliza wanaiwaza pani ipi unakuta karibu wote wana picha ya ile moja inayoning'inia kwenye stendi, mtu kasimama nyuma yake anapiga melodi tamu. Hiyo ni tenori, wengine wanaiita lidi, na kweli ni tamu, hata mimi ndo iliyonivuta kuingia huku. Ila bendi ya tenori tupu ni kama timu ya mpira yenye mafowadi peke yao. Mnapiga wote melodi moja, dakika mbili msikilizaji keshachoka, na nyie wenyewe mnashindwa kuelewa mbona haifanani na zile bendi mnazozisikia mtandaoni.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa nauweka hapahapa juu: ipange bendi kuanzia chini kwenda juu. Besi kwanza, alafu sekondi, alafu chelo au gitaa, tenori mwisho (zote hizi ni pani, kutoka sauti nene ya chini mpaka ya juu, nitazieleza mbele). Najua inauma maana besi ndo ghali, ndo nzito, ndo inakula nafasi, na hakuna mtu anayejiunga na bendi akiwa na ndoto ya kupiga besi. Lakini tenori ya kuongeza utaipata tu mbele ya safari. Bajeti ikishaliwa na tenori, besi haiji tena, nimeona vikundi kadhaa vikifia hapohapo.

Kwa nini besi inakuwa kubwa vile? Noti ya chini inahitaji eneo kubwa la chuma ndo iweze kutetemeka taratibu, kwa hiyo pipa moja linabeba noti tatu tu basi. Mapipa yenyewe ni yale ya mafuta ya galoni 55, yani kama lita 208, na kwenye besi hayakatwi, yanabaki na urefu wake karibu wote. Seti ya kawaida ni mapipa sita, noti tatu kila moja, jumla noti 18, na mpigaji anasimama katikati yamemzunguka, anageuka kiuno huku na huku wimbo mzima. Kuna besi za mapipa tisa na hadi kumi na mbili, hizo waachie bendi kubwa, kwa kuanzia sita zinatosha kabisa. Tenori yenyewe ni pipa moja tu, ubavu wake umekatwa ukabaki mfupi, na juu yake zinaingia noti 28 au 29 kwa sababu ni noti za juu, maeneo yake ni madogo.

Na hili suala la besi sio geni. Stilpani imezaliwa Trinidad, vijana wa mitaa ya Port of Spain walianza na mikebe na makopo miaka ya 1930, baada ya vita kuu ya pili ndo wakahamia kwenye mapipa ya mafuta, na mwanzoni pani zilikuwa na noti chache tu. Mwaka 1951 kikaundwa kikosi cha TASPO (Trinidad All Steel Percussion Orchestra) kwenda kupiga London kwenye maonyesho ya Festival of Britain, kiongozi wao Joseph Griffith akang'ang'ania pani ziwe na noti zote, nyeupe na nyeusi kama kwenye kinanda, na kwa vile pipa moja la besi halikuweza kubeba noti zote hizo wakatengeneza besi za mapipa zaidi ya moja. Ile sauti nene ya bendi nzima tunayoijua leo inaanzia kwenye uamuzi wa namna hiyo.

Haya, tuje kwenye hesabu ya watu. Bendi ndogo inayosikika imekamilika inaweza kuwa na watu saba au nane: tenori mbili au tatu, dabo sekondi seti mbili, chelo seti moja, besi seti moja, na mtu wa drams. Dabo sekondi, ndo zile sekondi nilizotaja juu, ni pani mbili kwa mtu mmoja, na ndo roho ya kodi zenu, yani noti kadhaa zikilia pamoja, zile "chaka chaka" za katikati. Noti zake zimegawanywa kwa kuruka toni nzima, pani moja ina C, D, E, F#, G# na A#, nyingine ina zilizobaki, kwa hiyo mikono inatembea sana kati ya pani mbili na mwanzo inachanganya, mpe mtu mwenye subira. Chelo huwa ni pani tatu au nne, inaziba lile pengo kati ya sekondi na besi, na ukikosa chelo chukua gitaa, sio gitaa la nyuzi, ni pani mbili za sauti ya kati zinaitwa hivyo. Kama hela haitoshi kwa yote haya, acha chelo kwanza, lakini besi na sekondi usiziguse.

Drams usizichukulie poa. Trinidad ile sehemu ya midundo wanaiita injini, na hawakosei. Drams, konga, njuga, na kile chuma kinachotolewa kwenye breki za gari kinagongwa kwa nondo fupi, sauti yake inapenya hata bendi ikiwa na watu mia. Mtu wa drams akiyumba, pani zote zinayumba naye, kwa hiyo tafuta mtu anayeshika mwendo, mambo ya mbwembwe baadaye.

Sasa kununua. Kabla hujaangalia pani, mtafute fundi wa kutyuni, yani wa kuweka kila noti kwenye sauti yake sahihi. Nasema kweli, fundi ni muhimu kuliko pani yenyewe. Pani huwezi kuityuni wewe kama gitaa, hakuna kitu cha kuzungusha, kuna nyundo na sikio na miaka ya mazoezi, ukigonga ovyo noti moja unaharibu na jirani zake wawili. Na pani itatoka tu kwenye tyuni, hilo halina mjadala, kwa bendi inayopiga mara kwa mara fundi aje angalau mara moja kwa mwaka, na pani mpya kabisa inapendeza irudiwe mapema zaidi maana chuma bado kinatulia. Kwa hiyo muuzaji akishindwa kukwambia nani katyuni na nani ataitengeneza ikiharibika, mshukuru, ondoka.

Cha pili, mpangilio wa noti. Hapa watu wengi hawajui kabisa kwamba pani mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na noti zilizokaa sehemu tofauti, kwa sababu zamani kila fundi alipanga anavyoona yeye. Kwa tenori mpangilio uliosambaa zaidi ni ule uliotokana na kazi ya Anthony Williams, fundi na mpigaji pani wa Trinidad, noti zinazunguka duara kwa hatua ya tano: C, pembeni yake G, alafu D, alafu A, mpaka unarudi. Duara la nje noti 12 za chini, duara la pili oktava zake, yani noti zilezile kwa sauti ya juu zaidi, na katikati zile za juu kabisa, na kila noti oktava yake ipo ndani yake kwenye mstari uleule. Uzuri wake ukiipiga ya nje ile ya ndani inaitikia, sauti inajaa. Chagua huo, na muhimu zaidi hakikisha tenori zote za bendi ni mpangilio mmoja na sekondi zote mpangilio mmoja. Kuna kikundi nilikisaidia walikuwa wameokoteza pani kutoka bendi tofauti zilizovunjika, kila pani na ramani yake, mtu akiwa mgonjwa hakuna wa kumshikia nafasi, na mwalimu akionyesha kitu kwenye pani yake nusu ya darasa hawawezi kufuata kwa macho. Walikuwa na vipaji kweli lakini walitumia nguvu nyingi mahali ambapo hapakuhitaji.

Angalia pia tenori inaanzia wapi. Kuna zinazoanzia C ya kati na kuna zinazoanzia D. Zote sawa, ila msichanganye bila sababu, maana kipande kinachoshuka mpaka C kinawaacha wenzenu njiani.

Kuikagua pani mimi nafanya hivi. Nataka iwe imening'inizwa kwenye stendi kwa kamba zake, sio mezani na sio mtu kaikumbatia, pani ikibanwa mlio unakufa. Natumia vijiti vyangu. Naanza ukingoni, nagonga noti moja moja kwa upole mno, nazunguka duara lote, alafu naingia duara la ndani. Noti nzima inaitika hata ukiigusa tu, inafunguka na kuendelea kidogo baada ya kijiti kuondoka. Noti iliyochoka inatoa "tk" fupi kavu, au inakoroma, au unasikia kabisa jirani yake anapiga kelele kuliko yeye. Baada ya hapo narudia kwa nguvu ya kawaida ya kupigia, nasikiliza kama sauti ya noti inapinda ikipigwa, alafu nabembeleza noti kwa kuigonga harakaharaka kwa vijiti viwili, maana hivyo ndo tunavyorefusha sauti kwenye nyimbo za polepole na pani yenye kasoro inajianika hapo. Mwisho naigeuza. Chini ndo kwenye ukweli: kutu, nyufa karibu na mipaka ya noti, matundu ya kamba yaliyoanza kupasuka ubavuni.

Tyuna ya simu beba, hakikisha noti ya A inasoma 440 (hezi), kwa sababu siku mkipiga na kinanda au gitaa hamtaweza kuityuni pani papo hapo iwafuate wao. Lakini tyuna inakuonyesha sauti ya msingi tu. Fundi mzuri kwenye eneo moja la noti anatyuni sauti ya msingi, oktava yake, na mara nyingi na sauti nyingine juu ya hapo, kazi ambayo fundi Bertie Marshall ndo anatajwa sana kwa kuianzisha kule Trinidad, na hiyo ndo inafanya pani ing'ae masikioni badala ya kusikika kama sufuria. Hapo hakuna programu, ni sikio, kwa hiyo kama wewe bado mgeni nenda na mtu aliyezoea.

Kromu au rangi? Kromu inapendeza jukwaani na inazuia kutu vizuri ikitunzwa, ila inaongeza gharama. Mkianza na pani za rangi hamjapoteza kitu, hela iliyobaki itie kwenye besi au kwa fundi. Na vile vipani vidogo vya zawadi vyenye noti nane hivi, vya mtoto kuchezea sawa, kwenye bendi havina kazi, ukibadilisha ufunguo wa wimbo tu noti huna.

Vijiti vinastahili maneno mawili. Ni mbao, alumini au mwanzi, kichwani raba. Tenori raba nyembamba, sekondi na chelo raba nene kidogo, besi vichwa vya mpira mkubwa laini. Raba ikichanika badilisha siku hiyohiyo, kijiti kitupu kikigusa noti kinaikwaruza na kuiondoa kwenye tyuni. Na msiruhusu mtu wa tenori kukopa vijiti vya besi au kinyume chake, utaona wanafanya wakiwa na haraka.

Utunzaji hauna siri nyingi: pani haikai juani, joto linalegeza tyuni, haipangwi moja ndani ya nyingine bila kitambaa, hailoweshwi, na haikaliwi. Hii ya mwisho naisema kwa sababu besi likiwa limelala chini watu wanaliona kiti. Kabla hujalipia besi jua kwanza zitalala wapi na zitasafiri na nini, mapipa sita hayaingii kwenye gari dogo.

Mazoezi sasa. Mtu hahitaji kusoma noti ili aanze, bendi nyingi Trinidad zimekuwa zikifundishana kwa sikio, kipande kwa kipande, mwalimu anapiga mstari mfupi wanarudia mpaka mkono unakariri. Mimi naanza na besi na drams peke yao, kodi tatu, mwendo wa polepole, wakishikamana ndo naingiza sekondi, na tenori wanasubiri wakisikiliza. Tenori wanalalamika kila mara, ila wakiingia wanakuta kuna mahali pa kukanyaga na wanapiga vizuri tofauti kabisa na walipojifunzia kwenye kimya. Wafundishe mapema kupiga kwa sauti ya chini. Pani inapigwa kwa kifundo cha mkono, kijiti kidunde chenyewe kirudi, mtu akitumia bega sauti inakuwa kali na tyuni inaondoka haraka. Kwenye chumba kidogo watu nane wakipiga kwa nguvu masikio yanaumia kweli, wape vizibo vya masikio na mtundike mapazia mazito ukutani.

Kwa vile pani ni za bendi na sio za mtu, wachache sana watakuwa na pani ya kufanyia mazoezi nyumbani. Kwa hiyo ufunguo wa chumba upangiwe utaratibu, mtu aweze kuja nje ya siku za bendi. Na kila mmoja ajifunze pani ya pili, wa tenori aende sekondi, wa sekondi aonje besi. Ukifanya hivyo utashangaa nani anaomba kubaki kwenye besi, maana ukisimama katikati ya yale mapipa sita na bendi nzima ikakaa juu ya noti zako, hamu ya kurudi mbele inapungua sana.