Acha kuuliza "tumeelewa?"

Walimu wenzangu, hili limenichukua miaka kuligundua. Nilikuwa kila nikimaliza kipindi nauliza "Tumeelewa?" na watoto 70 wananijibu kwa pamoja "Ndiyooo mwalimu!", basi nafuta ubao natoka zangu roho nyeupe, nikija kusahihisha madaftari naishiwa nguvu, kumbe ile ndiyo ni kuitikia tu kama marahaba.

Sasa tulikuwa kwenye mada ya mvuke, nikaingia darasani na soda ya orenji ya baridi nimeitoa kwenye friji ya duka la jirani, nikaiweka mezani, sijaandika kitu ubaoni. Ikaanza kutoka jasho. Nikauliza haya maji ya nje yametoka wapi? Mtoto mmoja wa nyuma kabisa, huwa haongei yule, akasema imevuja. Zamani ningesema "hapana, mwingine!" na ningekuwa nimempoteza. Nikamwambia haya, kama imevuja maji yangekuwa na rangi gani? Kimya. Akaja mbele, akapitisha kidole kwenye chupa, akakiangalia, akakilamba. "Mwalimu hayana sukari." Weee, darasa zima likasimama! Wakabishana mpaka mmoja akasema basi yametoka hewani, na neno mvuke mimi sikulitaja, wamelifikia wenyewe.

Kile kimya ndo kigumu, yaani mdomo unawasha unataka kujibu mwenyewe. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu wengi wakishauliza wanasubiri kama sekunde 1 tu, ila wakivumilia hata 3 watoto wanajibu kwa kirefu zaidi na wale wanaokaaga kimya nao wanaanza kuchangia. Mimi nahesabu moyoni.

Najua utaniambia silabasi haiishi na watoto ni wengi, ni kweli kabisa, ndo maana siulizi maswali 10, nauliza moja, kila mtu anamweleza kwanza wa dawati lake halafu nachagua wachache waseme na kila mmoja namuuliza "umejuaje?", hata aliyepatia. Na hilo swali naliandika usiku kwenye andalio la somo, ukilitegemea lije lenyewe darasani utarudi kwenye "tumeelewa".

Kesho tuna sehemu, 1/2 + 1/3, najua kabisa wengi wataandika 2/5, na swali langu liko tayari: hiyo 2/5 na ile nusu tuliyoanza nayo, ipi kubwa?