Maswali ya Wasomaji: Kwa nini mahakama ilizuia Kroger na Albertsons kuungana?

SWALI: Mhariri, mwaka 2022 kampuni mbili za supamaketi za Marekani, Kroger na Albertsons, zilitangaza kuungana kwa dola bilioni 24.6, lakini mahakama ikazuia. Ikiwa Walmart inazishinda zote mbili kwa ukubwa, na wao waliahidi kuuza maduka 579 ili ushindani usife, kosa lilikuwa wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hoja zako ndizo walizozisimamia mawakili wa kampuni hizo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Clayton ya mwaka 1914 hakisubiri bei zipande. Kinakataza ununuzi ambao huenda ukapunguza ushindani kwa kiasi kikubwa, na upungufu huo hupimwa pale mteja anaponunua. Mama anayetafuta mahitaji ya wiki nzima hufaidika na maduka anayoweza kuyafikia na kurudi kabla ya kupika, hata kama nchi nzima imejaa mengine. Jaji Adrienne Nelson wa mahakama ya shirikisho mjini Portland, Oregon, hakuisahau Walmart alipotoa zuio la muda tarehe 10 Desemba 2024. Maduka yake makubwa yanayouza vyakula yalihesabiwa, na bado ushindani ulionekana kupungua kupita kiasi katika maeneo mengi.

Kuhusu maduka 579, naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu ahadi ya namna hiyo imewahi kuumiza watu. Mwaka 2015 Albertsons iliichukua Safeway, kampuni nyingine ya supamaketi, kwa sharti la kuuza maduka 168, na 146 kati ya hayo yakaenda kwa Haggen, kampuni iliyokuwa na maduka 18 tu. Kabla mwaka haujaisha Haggen ilikuwa imefilisika, na baadhi ya maduka yakanunuliwa tena na Albertsons ileile. Duka la vyakula halisimami kwa kuta na rafu. Linahitaji maghala, magari ya kusambaza, bidhaa zenye chapa yake, mifumo ya kupanga bei, na watu wanaoijua kazi hiyo. Mnunuzi wa safari hii, C&S, wakati huo alikuwa mfanyabiashara wa jumla mwenye maduka machache ya rejareja, na aliwahi kununua maduka kisha akayauza. Kwa maoni yangu jaji alikuwa na haki ya kutoiamini dawa hiyo.

Zuio la muda halimalizi kesi kisheria, lakini mara nyingi huua mpango, kwani wenye mtaji hawawezi kusubiri miaka. Siku hiyohiyo mahakama ya jimbo la Washington nayo ilizuia muungano huo. Kesho yake Albertsons ilivunja mkataba na kuishtaki Kroger, ikidai kwamba mwenzake alikataa wanunuzi wenye nguvu zaidi wa maduka yaleyale.