Jibu kwa mleta uzi: tiba za Kichina, mashine za kisasa na vidonge vya mzee wako

Mleta uzi, heshima kwako. Umesema mzee wako ametoka kwenye shambulio la moyo, anameza dawa za hospitali, na sasa kuna jamaa amempima kwa mashine ya kushika fimbo mkononi kisha akamuuzia vidonge vya mitishamba vya Kichina. Unauliza kama tiba hizi zimefanyiwa utafiti wa kisasa au ni biashara tu. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika: huku "utapeli mtupu", kule "Wachina wanazitumia tangu enzi na enzi, utawafundisha nini?" Mimi nilisoma uzamili wa kemia ya dawa China, kwenye maabara iliyokuwa ikichambua mitishamba kutwa kucha, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu kidogo. Mwenye haraka aruke hadi aya za mwisho.

Nianze na mashine maana ndiyo nyepesi. Zile zinazojiita za kwantamu hukutaka kwanza ujaze umri, jinsia, urefu na uzito. Halafu unashika fimbo ya chuma dakika moja hivi, na kompyuta inakumwagia ripoti ya ini, figo, mishipa, madini, mpaka kumbukumbu. Bwenini kwetu kulikuwa na jamaa aliyekuwa akiiuza. Jioni moja tukamwomba tuijaribu: mtu yuleyule, mkono uleule, ila kwenye fomu tukambadilishia umri, kutoka kijana wa chuo hadi mzee wa miaka sabini na kitu. Ripoti ya pili ikaja na mishipa iliyokakamaa, mifupa iliyopungukiwa madini na tezi dume lenye matatizo. Fimbo ilikuwa pambo tu, kilichosomwa ni fomu. Mwenye mashine alicheka na sisi, kesho yake akaendelea kuuza.

Hiyo usiichanganye na teknolojia inayotumika kweli kwenye utafiti wa tiba za Kichina. Kazi yetu sisi ilikuwa kromatografia, yaani kutenganisha kemikali zilizomo kwenye dawa moja moja. Unasaga mzizi, unauloweka kwenye methanoli, unautikisa kwa mawimbi ya sauti, unachuja, kisha tone dogo linaingia kwenye mashine. Baada ya muda unapata mchoro wenye vilele, na kila kilele kina kemikali yake. Mchoro huo unakuwa kama alama ya kidole ya dawa. Danshen, mzizi mwekundu unaopendwa sana kwa magonjwa ya moyo, ina vilele vyake vinavyojulikana: asidi ya salvianoliki B upande mmoja, tanshinoni upande mwingine. Unachukua mfuko huu na ule, jina moja, rangi moja, harufu moja, unaweka mchoro juu ya mchoro na vilele vinapishana vibaya. Udongo, msimu wa kuvuna, namna ya kukausha, umri wa mzizi ghalani, vyote vinaonekana pale. Mtu akikuambia "danshen inatibu moyo", swali la kwanza la mkemia ni danshen ipi.

Kuna pia kilele ambacho hakikualikwa. Vidonge vinauzwa kama mitishamba mitupu ya maumivu ya viungo, unaviingiza kwenye mashine, kinasimama kilele palepale panapokaa diklofenaki (dawa ya kisasa ya maumivu) au deksamethasoni (steroidi). Mgonjwa anakuapia kwamba dawa ya asili imemponya ndani ya siku mbili. Itaachaje kumtuliza wakati ina steroidi ndani? Vivyo hivyo "chai ya kupunguza uzito" iliyotiwa sibutramini (dawa ya kiwandani ya kukata hamu ya kula), au "mitishamba ya sukari" yenye glibenklamidi (dawa ya hospitali ya kisukari). Haya si mambo ya uvumi, mamlaka za dawa za nchi nyingi zimekuwa zikiyakamata miaka na miaka.

Na hata pasipo mtu kuchakachua, kosa la utambuzi wa mmea linaua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walianza kuharibika figo mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1993 madaktari wakachapisha chanzo. Badala ya mmea unaoitwa fangji, walikuwa wamepewa guang fangji, majina yanayokaribiana lakini mimea ya familia tofauti kabisa. Huo wa pili ni jamii ya Aristolochia, na una asidi ya aristolokiki, inayoharibu figo na baadaye kuleta saratani ya njia ya mkojo. Waliodhurika walipita 100. Zilipokuja mashine za kusoma jeni zote za uvimbe wa saratani, ikaonekana sumu hii inaacha mabadiliko yake ya pekee kwenye DNA, kiasi kwamba leo mtaalamu akisoma jeni za saratani anaweza kusema huyu aliwahi kumeza mmea huo. Utafiti wa namna hiyo ulichapishwa 2013, na alama zikakutwa kwa wagonjwa wa Taiwan waliokuwa wamemeza dawa za asili kwa kawaida tu. Wale wa "ni ya asili haina madhara" waisome aya hii mara mbili.

Hadi hapo mashine zimetuambia kilichomo ndani ya kidonge. Kama kinatibu au hakitibu, hilo haziwezi kulisema, na hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Mashine inaweza kuwa ya mamilioni na jibu likabaki sifuri kwa sababu hakuna aliyelinganisha. Jibu linatoka kwenye jaribio: wagonjwa wanagawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja linapata dawa, jingine linapata kidonge kinachofanana nayo lakini hakina kitu, na wala mgonjwa wala daktari hajui nani kapata kipi mpaka mwisho.

Je, yapo majaribio ya hivyo ya dawa za Kichina? Yapo, na hili liwaguse mnaosema utapeli mtupu. Tongxinluo ni kapsuli yenye ginsengi pamoja na ruba, nge, tandu na mende wakavu waliosagwa (ndiyo, umesoma sawasawa). Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 3,777 wa shambulio kubwa la moyo kwenye hospitali 124 za China. Katika siku 30, waliopatwa na kifo cha moyo, shambulio jipya, kiharusi au kulazimika kuzibuliwa tena mshipa kwa dharura walikuwa asilimia 3.4 kwa waliomeza kapsuli, na asilimia 5.2 kwa waliomeza bandia. Mwaka uliofuata dawa nyingine, Qiliqiangxin, ikajaribiwa kwa wagonjwa 3,110 ambao moyo unashindwa kusukuma damu vizuri: waliofariki kwa moyo au kulazwa tena ni karibu asilimia 25 dhidi ya 30. Ila mtu asikusomee nusu. Majaribio yote mawili, wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa wanaendelea na dawa zao za kisasa kama kawaida. Mitishamba iliongezwa juu yake, haikuchukua nafasi yake. Na mimi ningependa kuona yakirudiwa nje ya China, na watu wasiofungamana na watengenezaji, kabla sijaanza kushangilia.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni lililoshindwa. Mwaka huohuo wa 2024 ilichapishwa taarifa ya FYTF-919, dawa ya maji ya mchanganyiko wa mitishamba inayotumika China kwa kiharusi cha kuvuja damu kichwani. Wagonjwa 1,648, hospitali 26, na dawa bandia iliyotengenezwa ifanane nayo. Baada ya siku 90 hapakuwa na tofauti. Lilifanyika China kwenyewe, watafiti wa Kichina wakiwa miongoni mwa walioliongoza, na matokeo yakachapishwa hivyohivyo. Ukitaka kujua kama utafiti mahali fulani ni wa kweli, tafuta kama unaweza kusema "haikufanya kazi". Nchi ambayo kila dawa yake inafaulu, majaribio yake yana walakini.

Kuna anayeuliza hapo juu: kwani dawa mseto ya malaria si ya Kichina? Ni kweli, na historia yake ni nzuri kuliko inavyosimuliwa. Mradi 523, wa China wa kutafuta dawa ya malaria, ulipewa jina la tarehe ulipoanza, 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam. Mtafiti aitwaye Tu Youyou na timu yake Beijing walipitia mapishi ya kale zaidi ya 2,000. Mmea wa qinghao, ambao ni artemisia, ulikuwa unawapa matokeo ya kuyumba: leo unaua vimelea kwenye panya, kesho hauui. Kisha akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4, yanayosema chukua konzi ya qinghao, iloweke kwenye maji, ikamue, unywe. Hakuna kuchemsha. Akawaza kwamba pengine moto ndio unaoharibu kiini chake, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata walijimezea wenyewe kwanza kupima usalama, halafu wagonjwa. Nobeli ikaja 2015. Sasa angalia kilichotokea: kitabu cha kale kilitoa dokezo, lakini kilichoithibitisha ni panya, etha, na baadaye picha za eksirei za fuwele zilizoonyesha muundo wa molekuli yenyewe. Ndiyo maana unameza kidonge chenye kipimo kinachojulikana, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani hayo kutibu malaria.

Ya aseniki ni ya kusisimua zaidi, nashangaa haizungumzwi. Miaka ya 1970 huko Harbin, Zhang Tingdong na wenzake walichukua dawa ya kienyeji yenye aseniki, zebaki na sumu ya chura, wakaichambua kimoja kimoja. Kilichofanya kazi kilikuwa aseniki, wakavitupa vingine. Leo oksidi ya aseniki pamoja na kitu cha jamii ya vitamini A ndiyo tiba ya aina moja ya saratani ya damu iliyokuwa inaua haraka sana. Kwenye jaribio la Ulaya lililochapishwa 2013, baada ya miaka miwili asilimia 97 ya waliopata mchanganyiko huo walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 86 wa waliopata kitu hichohicho cha vitamini A pamoja na tiba ya kemikali (chemotherapy). Sumu ya panya, wakuu.

Sindano za Kichina (akupancha, yaani kuchoma sindano nyembamba kwenye pointi maalumu za mwili) nitapita haraka. Nilidungwa bega kwa muda, na nilipata nafuu. Lakini nafuu yangu si ushahidi, maana bega lingeweza kupoa lenyewe. Ujerumani walijaribu kwa wagonjwa 1,162 wa mgongo sugu, matokeo yakatoka 2007: waliopata nafuu ni asilimia 47.6 kwa sindano halisi, 44.2 kwa sindano za uongo zilizochomwa juujuu mahali pasipo pointi, na 27.4 kwa tiba ya kawaida. Yaani kuchomwa kunasaidia, ila ramani ya pointi haikuongeza cha maana. Kwa upande mwingine, maabara ya Qiufu Ma pale Harvard ilionyesha 2021 kwamba umeme mdogo kwenye pointi ya zusanli, chini ya goti la panya, unaamsha neva ya vagus (inayounganisha ubongo na viungo vya ndani) na tezi za adrenali zilizo juu ya figo na kupunguza uvimbe mwilini, wakati kufanya hivyo tumboni hakuleti matokeo hayo. Kwa hiyo mjadala haujafungwa, lakini panya si mgongo wako.

Waganga wa Kichina huangalia ulimi ili kutambua ugonjwa, na akili bandia ya kuusoma ipo pia, nimeiona ikifanyiwa kazi. Kamera ndani ya kisanduku chenye taa maalumu, maana taa ikibadilika kidogo ulimi mwekundu unakuwa wa zambarau. Programu inafundishwa kwa picha zilizoandikwa na waganga "huyu ana unyevu, huyu ana joto". Shida ni kwamba waganga wawili wakiangalia ulimi mmoja mara nyingi hawakubaliani, na programu haiwezi kumpita mwalimu wake. Ikifundishwa kwa majibu ya vipimo vya damu au kipimo cha tumbo, hapo nitakaa nisikilize.

Sasa mzee wako, mkuu. Usimgombeze, atavimeza kwa kujificha, na hapo ndipo penye hatari. Angalia kwenye boksi kama kuna danshen, dang gui au ginkgo (hizi mbili ni mimea ya dawa pia): kama hospitali wamempa warfarini au klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, mchanganyiko huo unaweza kumletea damu kutoka bila kukoma, hasa danshen na warfarini. Fizi zikitoka damu, mkojo ukabadilika rangi au choo kikawa cheusi, ni hospitali siku hiyohiyo. Dawa za hospitali asiache hata moja, hata yule wa mashine amwambieje. Vidonge vya mitishamba ndivyo avisimamishe kwanza, na siku ya kliniki mpeleke na boksi lenyewe lenye orodha ya viambato na namba ya usajili, si jina ulilolikariri. Mwombe daktari apime figo, ini na kuganda kwa damu. Kama boksi halina orodha ya viambato wala namba ya usajili, hakuna cha kujadili, vitupwe. Ukiweza, piga picha ya orodha uiweke hapa (funika jina la mgonjwa), hata kama ni ya Kichina nitakusomea.