Mkanda wa alteneta ukilia, kagua puli kabla ya kukaza

Gari la zamani likiwashwa asubuhi likapiga kelele kali kwa muda mfupi kisha likanyamaza, karibu kila mtu ana jibu: mkanda umelegea, ukazwe. Mara nyingi ni kweli. Lakini katika miaka ya kuendesha na kutunza magari ya zamani, lililonisumbua kuliko yote lilikuwa na mkanda mpya, umekazwa sawasawa, na bado lilikuwa linalia. Ubovu ulikuwa kwenye puli, yaani gurudumu lenye mfereji ambamo mkanda hupita. Tangu hapo siruhusu mkanda ukazwe wala ubadilishwe kabla puli hazijamulikwa kwa tochi.

Kwanza tuelewe kwa nini kelele huja asubuhi. Stata, mota inayowasha injini, imetoka kuinyonya betri, kwa hiyo alteneta, kifaa kinachozalisha umeme wa gari, inajitahidi kurudisha umeme ule na inakuwa nzito kuzungusha. Mkanda usioshika vizuri unateleza hapo hapo. Betri ikishajaa kiasi, mzigo unapungua na kelele inakatika. Usidhani gari limepona. Washa taa kubwa, feni ya ndani na waipa kwa pamoja, piga resi kidogo, na kama mkanda unateleza utausikia tena.

Masikio peke yake hayatoshi. Kama una mita ya umeme, ipime betri kabla ya kuwasha: iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6. Injini ikishawaka, tegemea kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Sasa washa vitu vyote vinavyokula umeme. Volti zikiporomoka chini ya 13 huku mkanda unalia, basi alteneta haizungushwi ipasavyo. Zikiporomoka huku mkanda umenyamaza kabisa, elekeza macho kwenye alteneta yenyewe, waya zake na rekuleta, kifaa kinachodhibiti volti zake. Nimeona alteneta nzima ikitolewa na kubadilishwa kwa sababu tu hakuna aliyepima hivi, na gari likaendelea kulia vilevile.

Kuna dalili nyingine. Unga mweusi uliotapakaa kuzunguka alteneta ni mpira wa mkanda unaosagika. Taa ya betri kwenye dashibodi inayomeremeta hafifu injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) nayo inasema jambo. Na kwenye magari mengi ya zamani mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo mshale wa joto ukipanda pamoja na kelele, usiahirishe.

Sasa puli. Zima gari, toa ufunguo, na utoe waya hasi wa betri, maana ule waya mnene nyuma ya alteneta una umeme muda wote na spana ikiugusa pamoja na bodi utaona cheche. Legeza mkanda uutoe kabisa. Mkanda wa umbo la V hushika kwa mbavu zake za pembeni. Tumbo lake halitakiwi kugusa chini ya mfereji. Mulika ndani ya mfereji. Ukiona sakafu yake imefifia, ina vumbi au kutu kidogo, hiyo ni habari njema. Ikiwa inang'aa kama sarafu mpya, mkanda umezama mpaka chini na unateleza juu ya chuma. Kisha pitisha ukucha kwenye kuta za mfereji kutoka ukingoni kwenda ndani. Ukuta mzima ni ulionyooka. Uliolika una bonde katikati, na ukucha unakwama kwenye kijingazi karibu na ukingo. Hicho kijingazi ndicho kinachomaliza mikanda mipya.

Jaribu pia kuulaza mkanda mpya ndani ya mfereji kwa mkono. Mgongo wake unatakiwa ulingane na ukingo wa puli au uchomoze kidogo. Ukizama, linganisha upana wake na ule unaotajwa kwenye kitabu cha gari, maana mkanda mwembamba huzama hata kwenye puli nzima. Upana ukiwa sahihi, puli imekwisha. Usiishie kwenye puli ya alteneta. Ya krenki (mhimili wa injini unaouzungusha mkanda) na ya pampu ya maji nazo hulika.

Mkanda ukiwa bado nje, zungusha puli ya alteneta kwa vidole. Inatakiwa izunguke laini bila kukwaruza. Ishike uitikise juu na chini: ikicheza, ama nati imelegea ama beringi imekufa, na beringi iliyokufa haitibiwi na mkanda. Mwisho weka rula ndefu kuangalia kama mifereji ya puli ya krenki na ya alteneta imekaa kwenye mstari mmoja. Gari ambalo alteneta yake imewahi kufunguliwa huenda lina washa (kile kipande bapa chenye tundu kinachovaa kwenye bolti) iliyosahaulika, na puli inakaa upande.

Sabuni, grisi na dawa za kupulizia mkanda sizipendi hata kidogo. Zinaficha kelele, zinanasa vumbi, na nyingine zinaharibu mpira.

Unapofunga upya, kaza kwa kipimo. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu ya mkanda. Kwa magari mengi ya mkanda wa V unabonyea milimita 10 hadi 13 hivi, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kukaza kupita kiasi kunaua beringi za alteneta na za pampu ya maji, na hizo ni ghali kuliko mkanda. Ukitumia nondo kuisukuma alteneta, iegemeze mbele karibu na mkono wa kufungia. Nyuma ni aluminiamu nyembamba inayopasuka.

Mkanda mpya hutanuka kidogo ukianza kazi. Liendeshe gari siku chache, kisha, injini ikiwa imepoa, ubonyeze tena pale pale na ukaze kama umelegea.