Maswali ya mafua: nyie mmeuliza, nesi najibu

Baridi ya asubuhi imeanza hapa Tabora, vumbi nalo ndo hivyo, na maswali mengi mliyotuma safari hii ni ya mafua na vifua. Lile la mtoto naomba ulisome hata kama huna mtoto mdogo nyumbani, maana la jirani linaweza kukuhusu usiku wowote.

Shikamoo nesi. Makamasi yangu yalikuwa meupe sasa yamekuwa ya kijani, si tayari ni bakteria? Ninunue amoksilini? (Kijana, Ng'ambo)

Marahaba. Hapana, usinunue. Mafua yanaletwa na virusi, viko vya aina zaidi ya 200, na amoksilini haiui kirusi hata kimoja. Hiyo rangi inatokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana humo puani, yaani mwili uko kazini. Wengi ndani ya wiki moja hadi siku 10 wamepona. Ila ukianza kupata nafuu halafu homa ikarudi, au siku 10 zimepita na hali iko vilevile, hapo nenda ukaonwe. Na hii ya kununua vidonge vinne vinne kwa hela iliyopo mfukoni inaniumiza sana, maana siku utakayougua nimonia kweli utakuta wadudu washaizoea dawa.

Mwanangu ana miaka miwili, ana mafua siku ya tatu, jana usiku nikaona anapumua harakaharaka. Nisubiri asubuhi au ni makamasi tu? (Mama, Ipuli)

Mama, hesabu pumzi zake sasa hivi. Subiri atulie, asiwe analia wala ananyonya, mfunue nguo uone kifua na tumbo, washa saa ya simu uhesabu kila kifua kinapopanda, dakika nzima, usihesabu nusu halafu ukazidisha. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano zikifika 40 au zaidi ni haraka, wa miezi miwili mpaka hajatimiza mwaka ni 50, na kichanga chini ya miezi miwili ni 60. Zikifika hapo mpeleke kituo cha afya leo leo, inaweza kuwa nimonia. Halafu angalia chini ya mbavu: akivuta pumzi pale pakibonyea ndani, au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, au amepata degedege, usingoje kukuche, hata kwa bodaboda nenda usiku huohuo. Na aspirini asipewe, homa yake ni parasetamo kwa kipimo cha uzito wake.

Asali yetu ya Sikonge na tangawizi vinatibu mafua? (Baba wa watoto watatu)

Haviui virusi ila asali inatuliza kikohozi vizuri tu, kijiko kabla ya kulala kinatosha. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe kabisa, hata iwe safi ya msituni kiasi gani, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu tumboni mwake na kulegeza misuli mpaka ya kupumulia.

Jana mchana nilikuwa mzima kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, jioni homa kali, viungo vyote vinauma, kikohozi kikavu. Flu au malaria? (Urambo)

Pole sana kaka. Inafanana na flu, kwa sababu mafua ya kawaida yanaanza taratibu, koo linawasha, chafya, homa kidogo au hakuna, lakini flu inakuangusha ghafla. Ila kwa huku kwetu siwezi kukwambia ni flu kabla hujatobolewa kidole, kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya nusu saa, kwa hiyo usimeze mseto, yaani dawa ya malaria, kwa kukisia na usilale ukijiambia ni flu tu. Kikionyesha huna malaria, pumzika, kunywa sana maji na uji, parasetamo ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24, na soma boksi la dawa ya mafua maana nyingi zina parasetamo humohumo ndani. Moshi wa bani achana nao kwanza. Mjamzito, mzee, mwenye pumu, kisukari au VVU akipata hali kama yako awahi kituoni.

Nina flu na nanyonyesha, nimwachishe?

Usimwachishe dada, maziwa yako yanampa kinga. Nawa kwa sabuni kabla ya kumshika na vaa barakoa.

Baba yuko Nzega, mafua yaliisha ila anakohoa wiki ya tatu na usiku analoa jasho. Nimtumie dawa gani ya kikohozi?

Usimtumie dawa, mtumie nauli. Kikohozi cha baada ya mafua huwa kinavuta wiki kadhaa, lakini kikifika wiki mbili lazima kupima kifua kikuu, na hilo jasho la usiku ndo linanipa wasiwasi. Apeleke makohozi kituo cha serikali, kipimo na dawa ni bure, na ikiwa ni TB inapona, dozi ya kawaida ni miezi 6. Akisubiri majibu madirisha yawe wazi, akikohoa afunike mdomo, na wajukuu wasilale naye chumba kimoja.