Nanga ikiburuta, pima kamba kwanza
Umeuliza kama ununue nanga nzito zaidi, kwa sababu boti yako ya mita 4.5 husukumwa na upepo hata ukitia nanga. Usikimbilie dukani. Nanga hushika ikivutwa kwa mlalo. Kamba fupi huivuta kwenda juu na kuing'oa. Chukua kina cha maji, ongeza kimo cha omo (sehemu ya mbele ya boti) juu ya maji, zidisha kwa 5. Upepo ukichachamaa, kwa 7. Kina cha mita 6 na omo ya nusu mita hutaka kamba ya mita 33 hivi, au 46.

Kati ya kamba na nanga weka mnyororo wa mita 3, unene milimita 6. Uzito wake ndio unaolaza mvuto, na miamba haiukati kama inavyokata kamba. Kamba iwe ya nailoni, maana hunyumbuka wimbi likipiga. Ile ya plastiki inayoelea hunasa kwenye rafadha, yaani panga la injini. Pini ya shakeli, pingu ya chuma inayounga mnyororo na nanga, ifunge kwa waya, la sivyo italegea yenyewe.

Na funga omoni, kamwe si tezini, yaani nyuma: huko kuna injini, ukingo uko chini, na wimbi moja laweza kuijaza boti. Kisu kiwe karibu, uikate kamba ikibidi.