Umeteuliwa mkuu wa idara? Nunua daftari kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimeteuliwa kukaimu ukuu wa idara huku halmashauri. Nikasome kozi gani?" Nilitaka kumjibu mistari miwili nikalale. Usingizi ukaniruka.

Vyeti vya kozi fupi ninavyo kumi na kimoja. Vingi, niseme ukweli, nilifuata posho. Unasinzia kwenye slaidi, mnapiga picha ya pamoja, unarudi ofisini ukiwa yule yule. Ni kozi moja tu iliyonishika, na hiyo niliiendea shingo upande.

Ilikuwa Morogoro, wiki mbili. Siku ya tatu mwezeshaji, mama wa makamo asiyechekacheka, alitutaka kila mmoja aandike nusu ukurasa juu ya uamuzi wake uliokwenda vibaya. Nikaandika habari ya zahanati tuliyoijenga kwa force akaunti, yaani sisi wenyewe tukinunua vifaa na kutafuta mafundi, bila mkandarasi. Saruji iliganda stoo hata msingi haujaisha, na hoja ya ukaguzi ikatuandama miaka miwili. Nilijiona nimeandika vizuri sana.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu. Kila kitenzi cha kutendwa kilizungushiwa: ilielekezwa, vilicheleweshwa, ilibainishwa, haikuzingatiwa. Pembeni aliandika neno moja: "Nani?"

Ndugu zangu, Kiswahili cha ofisini kimetulea vibaya. Unaweza kuandika taarifa ya kurasa arobaini na asionekane hata mtu mmoja aliyefanya jambo.

Usiku ule niliandika upya. Mimi niliagiza mifuko yote kwa mkupuo, ili Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha wa serikali, isitukute na fedha kwenye akaunti. Mtunza stoo aliniambia bati linavuja. Mimi nilimjibu kuwa kazi yake ni kupokea mzigo. Saruji ilipoganda, mimi ndiye niliyesaini barua ya kumtaka ajieleze. Hapo kalamu ilinigomea, na hata leo nikikumbuka jasho linanitoka.

Kwa hiyo mdogo wangu, nunua daftari. Kila Ijumaa andika uamuzi mmoja ulioufanya, na uanze na "mimi". Jeshi la Marekani tangu miaka ya 1970 lina utaratibu wa kukaa chini baada ya zoezi na kuulizana: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, na safari ijayo tufanyeje? Mkubwa na mdogo wote wanasema. Mimi nayajibu maswali hayo kwenye daftari langu, la tisa sasa, na hoja ya saruji haijarudi. Kujibu hoja ya mkaguzi si kutafakari. Kutafakari ni kujiuliza kwa nini kila mwaka tunanunua Juni. OPRAS, ile fomu ya zamani ya kupima utendaji wa mtumishi, tuliijaza kwa kunakili ya mwaka uliopita, na PEPMIS, mfumo wa kompyuta ulioirithi, nayo mtainakili msipojiuliza. Lakini wengi wenu hamtaki kujiuliza, mnataka kiti kinachozunguka! Andika, nasema. Hata kozi nzuri kiasi gani, usipoandika inaishia getini.

Yule mtunza stoo alistaafu akiwa na barua yangu kwenye faili lake. Mwaka jana nilimwandikia nyingine, kurasa mbili, kumwomba radhi. Alinijibu kwa meseji, neno moja: "Imepokelewa."